Je, ni Halali Mkristo Kufunga Ghala Akingoja Bei?



Mavuno yakiisha kuingia nyumbani, swali moja huzunguka katika nyumba za Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini, tangu Iringa na Njombe mpaka Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Mtu huuliza: Mahindi ni yangu, nimeyalima kwa jasho langu, je, ni dhambi nikiyafungia ghalani mpaka bei ipande? Wengine hujibu upesi ya kuwa si dhambi, maana mali ni yake. Wengine hujibu upesi ya kuwa ni dhambi, maana Mithali 11:26 yataja laana ya watu juu yake azuiaye nafaka. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yamekwenda mbio mno. Yatupasa kwanza kutazama mambo yalivyo, kisha ndipo tuhukumu.

Tazameni mwaka wa mkulima. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Mwezi wa Novemba na Desemba hupanda, naye hutaka mbolea ya kupandia. Baada ya majuma machache hutaka ya kukuzia. Shamba lililolimwa mahindi miaka mingi bila kupumzishwa halizai sana lisipolishwa. Lakini wakati wa kupanda ndio wakati mkoba wa fedha umekwisha kuwa mtupu, na mavuno yako mbali. Januari watoto hutakiwa shuleni. Februari chakula cha nyumbani huanza kupungua. Basi mtu hukopa. Mavuno yakifika, tangu Juni mpaka Agosti, wadai nao hufika. Watu wote huuza siku zile zile, na bei huanguka. Aliyeuza magunia Julai ili alipe deni, Februari hurudi sokoni kununua debe kwa bei ya juu, labda la mahindi yale yale aliyoyalima mwenyewe. Huyu ameuza rahisi na kununua ghali, si kwa uvivu, wala si kwa ujinga, bali kwa dhiki.

Tena mzigo huu hauanzii kijijini. Mbolea nyingi ya urea hutengenezwa kwa hewa na gesi itokayo ardhini. Mwaka 1909 Fritz Haber, Mjerumani, alionyesha njia ya kuunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni. Carl Bosch akaifanya njia hiyo kuwa kazi ya kiwanda, na kiwanda cha Oppau kikaanza mwaka 1913. Maarifa hayo yamelisha watu wasiohesabika. Nayo yalitumika pia kutengeneza baruti katika vita vya 1914–1918. Basi gesi ikiwa ghali, mbolea nayo huwa ghali. Bei ilianza kupanda 2021. Kisha Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ikazidi, kwa kuwa Urusi ni miongoni mwa nchi ziuzazo mbolea nyingi duniani, na viwanda kadha wa kadha vya Ulaya vikapunguza kazi kwa sababu ya gesi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia: mjane wa Ludewa, asiye na ugomvi na mtu, alilipa sehemu ya gharama ya vita vile. Agosti 2022 serikali yetu ilianza kutoa ruzuku, mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa urea ukauzwa kwa shilingi 70,000, karibu na nusu ya bei ya soko. Hilo lilikuwa jema. Lakini ruzuku hupunguza bei ya mfuko. Haiweki bei ya gunia siku ya kuuza.

Na bei ya gunia hupepea kama bendera. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa yasiuzwe nje ya nchi, na wakulima wa mikoa yetu wakaona bei ikianguka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ikayaruhusu tena baada ya siku chache kwa masharti. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 bei ikapanda sana, walaji wakalia. Mwaka mmoja hulia mkulima, mwaka wa pili hulia mlaji. Na mara nyingi alaye na alimaye ni mtu mmoja, maana mkulima mdogo hununua chakula pia.

Basi, turudi kwenye swali letu. Twaona ya kuwa wafungao ghala si wa namna moja, bali ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule awekaye chakula cha nyumba yake, na magunia mengine ayauze baadaye ili anunue mbolea pasipo deni. Huyu hatendi dhambi. Wote wakiuza Julai na mahindi yote yakaondoka, Februari watu watakula nini? Aletaye chakula kutoka wakati wa wingi mpaka wakati wa upungufu hufanya kazi, sawasawa na yeye aletaye chakula kutoka mji mpaka mji. Hupigana na dumuzi, panya na unyevu; hununua mifuko isiyopitisha hewa; na sehemu humpotea hata hivyo. Kazi hiyo yastahili ujira wake.

Wa pili ni yule ambaye hakulima, au amelima na kuongeza mengine, ambaye huwaendea wenye dhiki. Humpa mwenye njaa fedha kidogo mwezi wa Februari, mahindi yangali mabichi shambani, ili alipwe magunia Julai. Na magunia yenyewe ni lumbesa, yaliyoshindiliwa na kuongezwa kilemba juu, ingawa sheria ya vipimo yakataza gunia kupita kilo 100. Wa tatu ni yule ambaye ghala lake limejaa, na njaa imekwisha kuingia kijijini, naye hufunga mlango akisema, Bado kidogo, bei itapanda tena.

Hawa wawili wana neno moja la kujitetea, nalo ni hili: Sikumlazimisha mtu, tumepatana. Neno hili lataka jibu, maana lasikika kama haki. Martin Luther alilijibu mwaka 1524, katika kitabu chake kidogo juu ya biashara na riba. Aliikataa kanuni ya wafanya biashara wa siku zake, ya kwamba mtu aweza kuuza mali yake ghali kadiri awezavyo. Alifundisha kwamba auze kadiri ipasavyo na kwa haki, akihesabu gharama yake, taabu yake na hatari yake. Hakumnyima mfanya biashara ujira. Alimkataza kuifanya haja ya jirani kuwa ndiyo mizani ya bei.

Nasi twaongeza neno moja. Mapatano ni mapatano pale tu ambapo kila mmoja angeweza kukataa. Yule mwenye watoto wanaolia hakuweza kukataa. Kweli mnunuzi hakumlazimisha. Lakini njaa ilimlazimisha, na mnunuzi aliitumia njaa kama mtumishi wake. Basi, kila mtu na ajiulize mbele ya ghala lake: Faida yangu hii imetoka wapi? Imetoka katika kazi yangu, au katika dhiki ya mwenzangu? Ikiwa imetoka katika kazi, mtu na aipokee kwa shukrani. Ikiwa imetoka katika dhiki, Amri ya Saba yamhusu, hata kama hakuvunja mlango wa mtu.

Labda mtu atataja Yusufu, ya kuwa alikusanya nafaka Misri na kuiuza wakati wa njaa. Ni kweli, naye aliokoa maisha ya watu wengi. Lakini na tusome mpaka Mwanzo 47. Watu wale walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho wakatoa miili yao kuwa watumwa wa Farao. Walipona na njaa, wakapoteza uhuru. Nao wana wa Israeli, waliojua utumwa wa Misri, walipewa Torati isiyoifuata njia ile. Walawi 25 yakataza kumpa ndugu maskini chakula kwa kutaka faida, na kuamuru shamba lirudi kwa mwenyewe katika mwaka wa Yubile. Basi twajifunza kwa Yusufu kuweka akiba. Jinsi ya kuitumia kwa ndugu, twajifunza katika Torati.

Liko shaka jingine, nalo ni la mtu mwema. Husema: Nikiuza kwa bei ya huruma, mlanguzi atayanunua yote na kuyapeleka mjini kwa bei ya juu. Huruma yangu itamnenepesha yeye, wala haitamfikia mwenye njaa. Hili ni kweli, wala hatulipuuzi. Huruma yahitaji macho. Mwenye magunia ishirini na ampimie jirani debe kwa bei ya haki, na yanayobaki ayauze sokoni kama wengine. Hakuna aliyeagizwa kuulisha mji mzima.

Tena jambo lisilowezekana kwa mtu mmoja huwezekana kwa usharika. Wakulima wakiweka mahindi yao pamoja katika ghala la ushirika, mmoja mmoja halazimiki kuuza Julai. Sheria ya stakabadhi ghalani ya 2005 yampa mtu nafasi ya kukopa kwa nafaka aliyoiweka, badala ya kuitupa kwa bei ya hasara. Usharika waweza kuwa na akiba yake ya magunia, maskini akakopa debe Februari na kurudisha debe Julai, kwa kipimo kile kile. Wazee wa usharika waweza kuanza na jambo dogo sana, yaani mizani ya kweli, ili lumbesa isionekane kwa Mkristo. Na katika mashamba, samadi, mboji na kupokezana mahindi na maharage husaidia udongo na kupunguza mifuko ya kununua, ingawa hatusemi kwamba vyatosha peke yake kila mahali.

Wala tusimwambie mwenye deni maneno ya subira tu. Yakobo aliwakemea wale wampao mtu asiye na chakula salamu ya amani na kumwacha aende zake mikono mitupu.

Katika Katekisimo Kubwa, akieleza ombi la mkate, Luther asema ingefaa ngao ya mtawala mwema iwe na alama ya mkate badala ya simba, kusudi akumbuke kwamba kazi yake ni kuwalinda watu wapate kula. Wenye mamlaka na wakumbuke hilo: wanapozuia nafaka ili mji upate rahisi, mkulima ndiye alipaye rahisi hiyo, naye pia apaswa kula. Lakini na mwenye ghala la magunia ishirini ni mtawala mdogo. Mlango wake una ngao. Je, ina alama gani?

Ndugu, siku ya sadaka ya mavuno aliyelangua na aliyelanguliwa huja madhabahuni pamoja, hupiga magoti pamoja, na kupokea mkate mmoja. Mmoja ajua gunia lile lililoletwa mbele limetoka shamba la nani. Mwingine ajua pia, naye hunyamaza. Usharika ulio hivyo una ugonjwa, hata nyimbo zake zikiwa nzuri. Tabibu wake si mahubiri peke yake, bali ni kumrudia mtu nyumbani kwake na kumpimia upya kwa haki.

Ombi la nne tulilofundishwa na Bwana halina neno “wangu”. Lina neno “wetu”. Aombaye hivyo asubuhi, na mchana akafunga ghala mbele ya mwenye njaa, ameliomba kwa midomo na kulikataa kwa ufunguo. Mungu atujalie mvua kwa wakati wake, bei ya haki, mizani ya kweli, na mioyo ijuayo kufungua. Amina.