Kazi Inapokua, Nani Husahauliwa?

Soma kwa ajili ya juma hili: Matendo 6:1-7, Kutoka 18:13-27, 2 Wakorintho 8:16-21.

Fungu la kukariri: Matendo 6:3.

Sabato Mchana

Kikundi cha kusaidiana huanza na watu wachache wanaojuana. Mama wa Dorkasi anajua ni nyumba gani haikuwasha moto leo. Mweka hazina anakumbuka kichwani nani ametoa na nani bado. Hakuna katiba wala daftari, na mambo yanakwenda. Kisha Mungu anabariki, majirani wanavutwa, na watu kumi na watano wanakuwa sitini.

Hapo huzuka swali ambalo limegawanya vikundi vingi, na makanisa pia: je, kubadili utaratibu ni kuusaliti upendo uliowaleta watu pamoja? Wapo wanaosema, "Tulianza kwa kuaminiana, makaratasi haya yanatoka wapi?" Wapo wengine ambao kwao ukubwa wenyewe ni ushahidi wa baraka, nao wanataka kila kitu kiwe kipya kesho asubuhi. Somo la juma hili linatazama chini ya ubishi huo na kuuliza: kazi inapokua, ni nani anayeumia utaratibu usipobadilika?

Jumapili: Wajane Waliopitwa

Soma Matendo 6:1-7. Luka anaanza na habari njema kwamba wanafunzi wanaongezeka, na papo hapo anataja manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakipitwa katika mgawo wa kila siku. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyekusudia kuwanyima. Kundi lililokuwa na watu wapatao 120 (Matendo 1:15) lilikuwa sasa la maelfu (Matendo 4:4), na kati yao walikuwapo watu wa lugha mbili. Macho ya mitume kumi na wawili hayakuweza tena kufika kila mlango.

Hili ni fundisho zito. Mjane anaweza kulala na njaa bila mtu yeyote kuiba unga wake. Hakuna wa kunyooshewa kidole, lakini njaa ni ile ile. Ndiyo maana kusema "sisi hatuna nia mbaya" hakutoshi. Nia njema ya watu wachache haimfikii mtu wasiyemwona.

Angalia pia walichofanya mitume. Hawakuwakemea walionung'unika kwamba wanavunja umoja. Waliita mkutano, wakaeleza shida waziwazi, wakaliachia kusanyiko lichague watu saba. Majina yote saba ni ya Kiyunani; yaelekea waliolalamika ndio waliokabidhiwa chakula cha wote. Mitume walitoa mamlaka, wala hawakugawa kazi tu.

*Katika kanisa au kikundi chako, ni nani ambaye hajulikani vizuri na wanaogawa misaada? Malalamiko yake yangesikiwa na nani?*

Jumatatu: Mwanzilishi Aliye Mwema

Soma Kutoka 18:13-27. Musa hakuwa mlafi wa madaraka. Aliketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri kwa sababu watu walimhitaji. Yethro, mgeni aliyefika siku chache tu, aliona kile ambacho mwenyeji alikuwa amekizoea: Musa anachoka, na watu nao wanachoka. Mama mwenye kesi ya mbuzi amesimama juani mchana kutwa kwa kuwa mlango ni mmoja. Wema wa Musa ulikuwa umegeuka kuwa foleni.

Mara nyingi kikwazo cha mabadiliko ni mtu mwema aliyeijenga kazi kwa jasho lake. Anajua kila kitu, kwa hiyo kila kitu kinamngoja. Waanzilishi wa kanisa la Waadventista nao walionja jambo hili. James White, aliyekuwa mhariri, mchapaji, mchangishaji na mhubiri kwa wakati mmoja, alipigwa na kiharusi Agosti 1865 baada ya miaka ya kazi kupita kiasi.

Yethro alishauri wawekwe viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Musa angebaki na mashauri magumu, na tena angewafundisha watu njia ya kuiendea. Kumwondolea mwanzilishi mzigo si kumvunjia heshima. Ni kumhifadhi kwa kazi anayoiweza kuliko wengine.

Jumanne: Hofu ya Babeli

Waadventista walioitunza Sabato baada ya 1844 walikuwa na sababu ya kuogopa taasisi. Wengi walikuwa wametengwa na makanisa yao kwa sababu ya tumaini la marejeo ya Yesu. Mhubiri mmoja wa wakati huo, George Storrs, alikuwa amefundisha kwamba kanisa likiundwa kwa mpango wa wanadamu, linakuwa Babeli. Kwa hiyo mwaka 1860, James White alipoandika kwamba mali ya kanisa inahitaji kumilikiwa kisheria, alipingwa na ndugu waaminifu. R. F. Cottrell aliona kujipatia jina mbele ya serikali ni kufuata njia ile ile ya Babeli.

Hofu yao iliheshimika. Lakini ukweli ulikuwa mezani: mitambo ya uchapaji kule Battle Creek, Michigan, iliyotokana na michango ya waumini, ilikuwa kwa jina la James White. Kama angefariki, kisheria ingekuwa mali ya warithi wake. Kukataa utaratibu kulikuwa kunaiweka sadaka ya watu mikononi mwa mtu mmoja, na usafi wa moyo wake usingeweza kuilinda baada ya kifo chake.

Jina la kanisa lilichaguliwa mwaka huo wa 1860. Shirika la uchapaji lilisajiliwa Mei 1861. Mei 1863 Konferensi Kuu ikaundwa, wakati waumini walikuwa wapatao 3,500. Wajumbe walimchagua James White awe kiongozi wa kwanza. Alikataa, asije akadhaniwa alipigania utaratibu ili apate cheo. John Byington akashika nafasi hiyo.

*Je, mali ya kikundi chako iko kwa jina la nani? Itakuwaje mtu huyo akifariki leo?*

Jumatano: Kufuli Tatu

Soma 2 Wakorintho 8:16-21. Paulo alikuwa akipeleka mchango mkubwa kwa maskini wa Yerusalemu. Hakusema, "Mimi ni mtume, niaminini." Alitaka asafiri pamoja na watu waliochaguliwa na makanisa, ili neno lolote la lawama lisipate nafasi, mbele za Bwana na mbele za wanadamu.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyojulikana Afrika Mashariki vimeishika hekima hiyo hiyo. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Katika vikoba, wanachama hupangwa katika makundi ya watu watano wanaodhaminiana, jambo linalokumbusha makumi ya Yethro. Mfuko wa jamii hutengwa kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama hivi visajiliwe.

Wengine huona ukaguzi ni dalili ya kutoaminiana. Fikiri tena. Mweka hazina anayebaki na fedha zote peke yake, mtoto wake akiwa hospitalini, ameachwa uwanjani na jaribu bila ndugu wa kusimama naye. Siku hesabu zikikosekana, hata akiwa hana hatia hana cha kuonyesha. Kufuli tatu zinamlinda mjane mwenye akiba, na zinamlinda mweka hazina pia.

Alhamisi: Utaratibu Nao Huzeeka

Isidhaniwe kwamba mpango ukishawekwa kazi imekwisha. Ule wa 1863 ulifaa watu 3,500. Kufikia 1901 waumini walikuwa wapatao 75,000 katika mabara mengi, na maamuzi mengi bado yalingoja watu wachache Battle Creek. Australia ilikuwa imeunda unioni yake tangu 1894, kwa sababu barua kwa meli zilichukua majuma mengi. Katika mkutano wa Aprili 1901, Ellen G. White alitaka mpango ubadilishwe, na unioni zikaanzishwa ili maamuzi yafanyike karibu na kazi. Kile kilichokuwa dawa ya mwaka 1863 kilikuwa kimekuwa foleni nyingine.

Tena, si kila kikundi kinapaswa kuendelea kunenepa. Kikundi cha sitini kinaweza kuzaa vitatu vya ishirini, ambamo kila mtu anajulikana kwa jina. Uchungu upo: marafiki watatengana, na mwanzilishi hatakuwa mwenyekiti wa wote. Uchungu huo uhesabiwe na kusemwa waziwazi. Lakini ukipimwa na njaa ya mjane aliyepitwa, unabebeka.

Kisichobadilika ni mjane mwenyewe. Meza, wagawaji, daftari na kufuli vyote vipo kwa ajili yake. Utaratibu wa zamani usiomfikia umepoteza haki ya kutetewa kwa sababu ni wa zamani. Na utaratibu mpya usiomfikia hauna sifa kwa sababu ni mpya.

Ijumaa: Maswali ya Kujadili

1. Mitume waliona kwamba malalamiko yana haki. Darasa linawezaje kutofautisha malalamiko ya haki na roho ya ugomvi?

2. Je, mtu aliyeanzisha kazi ana haki gani juu yake baada ya wengine kuichangia? Mwanzilishi aheshimiweje bila kazi kufungwa kwake?

3. Walioogopa Babeli walikuwa na hoja. Ni wakati gani utaratibu wa kanisa hugeuka kweli kuwa mzigo, na nani aseme?

4. Kabla ya Sabato ijayo, darasa litaje mtu mmoja ambaye huduma ya kanisa haijamfikia. Chunguzeni: amepitwa kwa nia mbaya ya mtu, au kwa mpango uliozeeka? Kisha amueni nani atakwenda kwake.