Ujira wa Mlinzi wa Mlima

Mkulima wa Shishiyu, wilayani Maswa, aweza kutuuliza swali lililo la haki: Mlima Ol Doinyo Lengai uko mbali nami, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, na moto wake haujapata kunifikia. Kwa nini basi fedha za umma zitumike kuwaweka watu wa kuuangalia?

Twamkumbusha dungu la shambani mwake. Mtama ukikaribia kuiva, mtoto hupandishwa juu ya dungu awafukuze ndege. Jioni ikifika na ndege hawakutua, je, atanyimwa chakula kwa kuwa siku ilikuwa shwari? Hasha! Mlinzi hulipwa kwa kuwa macho, wala si kwa hatari anayoiona.

Na hatari ipo. Mwaka 2007 mlima huo ulilipuka na kurusha majivu juu angani, na Wamasai waliokaa karibu nao wakalazimika kuhama na mifugo yao. Tangu mwaka 2016 Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wataalamu wa Marekani, kimeweka huko vyombo vya kupima jinsi ardhi inavyovimba na kunywea. Maana moto ukipanda chini ya mlima, ardhi huinuka kidogo.

Tujifunze pia kwa Goma, mji wa Kongo ulio chini ya mlima Nyiragongo. Mwaka 2020 msaada wa fedha kwa kituo cha kuuangalia mlima huo ulikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti ya kupokelea habari za vyombo vyake. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka bila onyo, na watu wapatao 30 wakafa. Wataalamu walisema baadaye kwamba dalili zilikuwa hafifu mno, hata pengine mlinzi aliye macho asingezitambua. Siku tano baada ya moto, serikali iliamuru wakazi wa sehemu kubwa ya mji wahame. Watu laki kadhaa waliondoka, wengi wakalala nje. Na mlipuko wa pili haukuja.

Je, walioonya walikuwa waongo? Sivyo. Walipima hatari kwa elimu waliyokuwa nayo, wakaona ni heri watu wasumbuke kuliko wafe.

Basi mlinzi akipiga kelele ndege wasije, tumvumilie. Akilala hali amelipwa, tumwajibishe. Lakini mwenye kumnyima ujira wake, kisha akamlaumu kwa kunyamaza, huyo hana wa kumshitaki ila nafsi yake.