Chozi Lisiloomba Ruhusa

Mwaka 2013 Studio Ghibli ya Japani ilitoa filamu mbili za katuni. Mwezi wa Julai ilionyeshwa Kaze Tachinu, yaani "Upepo Wainuka", ya Hayao Miyazaki. Mwezi wa Novemba ikafuata Kaguya-hime no Monogatari, "Hadithi ya Binti Mfalme Kaguya", ya Isao Takahata. Waongozaji hao wawili walikuwa wazee waliofanya kazi bega kwa bega tangu ujana wao, na muziki wa filamu zote mbili ulitungwa na mtu mmoja, Joe Hisaishi. Kwa Miyazaki alikuwa akitunga tangu mwaka 1984. Kwa filamu iliyoongozwa na Takahata, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Zikitazamwa pamoja, filamu hizo zinafufua swali la zamani: nyuzi za okestra zinapomtoa mtu machozi kabla akili yake haijapata nafasi ya kuamua, chozi lile ni la nani, na ni nani atakayeulizwa juu yake?

Plato alilikabili swali hilo kwa hofu. Katika Jamhuri anaufukuza mjini muziki wa maombolezo pamoja na ule wa ulevi na ulegevu, kwa hoja kwamba mdundo na lahani hupenya hadi ndani kabisa ya nafsi na kuishika, tena mapema, wakati mtu angali mdogo hajaweza kutoa hoja. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mpole zaidi. Katika Ihya, anapozungumzia samaa, analeta kauli kwamba sauti nzuri haitii moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Mwenye kumpenda Mola humzidisha mapenzi hayo, na mwenye matamanio ya dunia humzidisha matamanio. Kwa kauli hiyo dhima huhama, ikatoka kwa mpiga ala ikamwangukia msikilizaji.

Muziki wa Hisaishi, kwa sehemu kubwa, unampa haki Al-Ghazali. Chukua mwanzo wa Sen to Chihiro no Kamikakushi, filamu ya Miyazaki ya mwaka 2001. Mtoto wa kike amejilaza kiti cha nyuma cha gari, ameshika shada la maua aliloagwa nalo, na wazazi wake wanampeleka kwenye makazi mapya. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyeongea neno la maana. Piano peke yake inagusa sauti chache zinazoning'inia bila kutua, kisha nyuzi zinaingia taratibu chini yake, na mtazamaji asiyejua neno moja la Kijapani anajikuta koo limembana. Aliyewahi kuhama nyumba utotoni, au nchi ukubwani, hahitaji kuelezwa ni nini kinachomliza. Filamu haijampa huzuni hiyo; haijawa hata na wakati wa kumpa. Alikuja nayo mwenyewe, na piano imeikuta. Wale wanaoudharau muziki wa aina hii kwa kuuita mtego wa hisia husahau kwamba mtego hauwezi kumnasa mnyama asiyekuwapo msituni.

Hata hivyo, Kaze Tachinu inaiweka kauli ya Al-Ghazali katika mtihani mgumu. Shujaa wake ni Jiro Horikoshi, mhandisi wa Mitsubishi aliyesanifu ndege ya kivita iliyojulikana duniani kwa jina la Zero, iliyopigana angani Uchina kuanzia mwaka 1940 na kushiriki shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941. Filamu inaanza na ndoto. Mvulana anapanda juu ya paa la nyumba, anaingia ndani ya ndege yenye mabawa kama ya ndege wa porini, anaruka. Lahani inayomsindikiza ni nyepesi, imebebwa na ala ndogo za nyuzi na kodiani, kama wimbo wa kijijini unaosikika kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna tarumbeta za ushindi wala ngoma za jeshi. Isitoshe, miungurumo ya injini katika filamu hiyo, pamoja na mtetemo wa tetemeko kuu la Kanto la mwaka 1923, ilitolewa kwa vinywa vya watu. Ndege inakohoa na kuhema, na mtazamaji anaanza kuipenda kama anavyopenda kiumbe chenye roho.

Hapo ndipo penye shida. Msikilizaji hakuja na mapenzi ya ndege za kivita moyoni mwake. Alikuja na mambo mengine: hamu ya utoto ya kuruka, kumbukumbu ya kijana aliyependa kazi yake kupita kiasi, labda na majonzi ya mgonjwa aliyemuuguza, kwa kuwa mke wa Jiro katika filamu anaangamizwa na kifua kikuu huku mumewe akichora mabawa ubavuni pake. Muziki unayaamsha mapenzi hayo halali, kisha unayaweka juu ya chombo kilichoua watu. Haujasema uongo, maana lahani haidai lolote. Uliloanya ni kuazima hisia mahali pamoja na kuitumia pengine, na mwenye hisia hakuulizwa. Al-Ghazali alieleza vizuri kinachotoka moyoni. Kuhusu mahali kinapopelekwa baada ya kutoka, kauli ile haitoshi.

Miyazaki si kwamba hakuliona hilo. Hotelini anamweka mgeni Mjerumani anayemtajia Jiro mambo ambayo watu wa Japani wanayasahau, vita ya Uchina ikiwa mojawapo, naye anasema kwamba pale mlimani ni mahali pazuri pa kusahau. Mwishoni anaonyesha uwanja uliojaa mabaki ya ndege, na Jiro anakiri kwamba hata moja haikurudi. Filamu ililaumiwa Korea Kusini kwa kumremba mtengenezaji wa silaha, ikalaumiwa pia na wazalendo wa Japani kwa kuionea haya vita. Lakini walio chini ya ndege zile, Wachina waliotazama juu na kuona mabawa hayohayo mazuri, hawakupewa lahani yao. Hilo ni kosa la nani? Kumtupia lawama mtunzi wa muziki peke yake ni kumwonea: mtunzi humsindikiza aliyemo kwenye picha, na hao hawamo.

Kwa Takahata, mambo yaligeuka. Yeye hakutaka muziki uyafuate mahangaiko ya mhusika wala ulie kwa niaba yake. Kaguya ni mtoto aliyeokotwa ndani ya mwanzi, akalelewa kwa furaha kijijini, kisha akafungiwa katika fahari ya mji mkuu asiyoitaka. Mwishoni watu wa mwezini wanakuja kumchukua. Wanashuka juu ya wingu wakipiga ngoma, filimbi na vinanda, na muziki wao ni wa kuchangamka, karibu wa kuchezeka, kama wa arusi. Walinzi wanalala usingizi. Mishale inageuka maua. Kaguya anaambiwa kwamba akivaa joho atasahau uchafu wote wa dunia. Anajibu kwamba dunia si chafu, anaanza kuzitaja furaha na huzuni zake, na katikati ya sentensi joho linamwangukia mabegani. Ananyamaza. Muziki hauyumbi hata kidogo.

Watazamaji wengi hulia hapo kuliko penginepo, na sababu si fumbo: hakuna anayewasaidia kulia. Mtu anaweza kupinga kwamba ubaridi nao ni ufundi, kwamba kumnyima msikilizaji fidla za huzuni ni namna nyingine ya kumvuta sikio, na pingamizi hilo lina nguvu yake. Lakini ipo tofauti. Katika wimbo wa wingu, msikilizaji anamwona mpigaji. Anajua furaha ile ni ya nani: ya viumbe wasiofiwa na yeyote, wasiokumbuka lolote. Anaweza kuikataa, na kulia kwake ndiko kuikataa.

Nao ni wimbo unaomjibu Plato kwa namna ambayo Hisaishi huenda hakuikusudia. Mji uliofukuza maombolezo ili raia wake wawe watulivu, ukipigiwa muziki, ungesikika hivyo: safi, wenye mpangilio, hauna kosa, na unaotisha. Joho la mwezini na hoteli ya mlimani ni mahali pamoja.

Mwezi wa Juni 2023 Hisaishi alitoa albamu iliyopigwa na Royal Philharmonic Orchestra ya London, yenye muziki wa filamu za Miyazaki uliopangwa upya kwa okestra kubwa. Lahani ya ndoto ya Jiro imo, na anayeisikiliza amefumba macho haoni tena paa, wala ndege, wala uwanja wa mabaki, anaruka tu. Wimbo wa watu wa mwezini haumo, kwa kuwa filamu ile ilikuwa ya Takahata.