Machozi ya Nani? Bahari na Dola katika Ushairi wa Fernando Pessoa

Katika shairi "Mar Português", lililomo katika Mensagem (1934), Fernando Pessoa, mwanausasa wa Kireno, anayahesabu machozi ya Wareno kuwa ndiyo gharama ya safari za baharini, kisha anaamua kwamba ilistahili. Hesabu hiyo ina pengo la kimaadili: Mombasa, iliyochomwa na Wareno mwaka 1505, haimo. Yamkini itatetewa kwamba shairi si tarikhi. Hata hivyo, anayepima gharama amekwisha kujivika joho la hakimu, na hakimu mwadilifu hasikilizi upande mmoja. Msomaji wa Naitiri, ambako walowezi walimiliki mashamba enzi ya ukoloni, anaweza kuukubali uzuri wa shairi hilo bila kuikubali hukumu yake.