Kuhesabu Kisicho Chetu

Wazee wetu walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Neno hili twalipokea upesi, maana kila mtu apenda kujua mali yake. Lakini je, kisicho mali ya mtu chapasa kuandikwa daftarini? Swali hili twataka kulipima kwa habari za kisiwa kimoja.

Kisiwa hicho ni Skomer, karibu na pwani ya Wales. Eneo lake halifiki maili mbili za mraba. Wakati wa kiangazi cha huko huja ndege wa bahari waitwao shiawota, jozi zaidi ya 300,000, nao hutaga mashimoni, kila jike yai moja. Mchana huwaoni nchi kavu, kwa kuwa huwaogopa shakwe wakubwa. Huingia na kutoka usiku.

Basi, wasioonekana huhesabiwaje? Wahesabuji huenda wakiwa na chombo kilichonasa sauti ya ndege huyo. Huipiga mlangoni pa shimo, wakasikiliza. Aliye ndani huitika. Walakini si wote waitikao. Wengine hulalia yai lao kimya. Hapo ndipo penye jaribu. Mvivu ataandika, "Hamna ndege." Mpenda sifa ataongeza kwa kukisia. Mwaminifu hafanyi hivi wala hivyo: huchagua mashimo machache ajuayo kwa hakika kuwa yana ndege, huyarudia siku nyingi, akapima ni wangapi waitikao katika kila mia, kwa kipimo hicho husahihisha hesabu yote. Sisi walimu jambo hili si geni kwetu. Mtoto asipoitika jina lake asubuhi, labda hayupo, labda ana haya. Kuandika kwamba hayupo pasipo kuinua macho ni kumdhulumu.

Mtu atasema, "Hesabu haiponyi." Ni kweli. Mwaka 2022 mafua ya ndege yalifika Grassholm, kisiwa cha jirani, na mwaka 2023 hesabu ya ndege wakubwa weupe wazaliao pale ilikuwa imepungua kwa nusu hivi. Kalamu haikumfufua hata mmoja. Lakini bila hesabu za miaka iliyotangulia, nani angalijua ya kuwa nusu imekwenda? Mgeni angaliwaona maelfu waliobaki, akasema, "Tazama, ni wengi!" Ndivyo hasara kubwa zipitavyo mbele ya macho ya watu, kwa kuwa kila kizazi hudhani kwamba kilichokikuta ndicho kizima. Kwa sababu hiyo kazi hii yataka watu wa saburi. Bwana Tim Birkhead alianza kuwachunguza ndege wa Skomer mwaka 1972, akaendelea zaidi ya miaka 40.

Basi twajibu hivi: ahesabuye mali yake ajitumikia mwenyewe, ahesabuye kisicho chake awa shahidi wa kitu hicho. Na shahidi hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, hasa pale ambapo yule anayemshuhudia hawezi kumshtaki. Ndege hatauliza tumeandika nini.

Wasomaji wetu, tutazame na kwetu: ni chemchemi gani, ni msitu gani, ni samaki gani tusiowaandika kwa kuwa hawana mwenyewe? Hao ndio watakaoisha bila habari.