Wastani Humficha Nani?

Siku hizi kila chuo kina kozi za mtandaoni, na kila chuo kinauliza swali lile lile: mbinu gani ndizo bora za kufundishia? Majibu nayo yamezoeleka. Video ziwe fupi. Slaidi ziwe na rangi. Kamera ziwashwe. Mimi nimesoma mihula mitatu ya stashahada nikiwa kisiwani Kiwayu, na naona kuna swali lingine lililopaswa kutangulia: mwalimu anadaiwa nini na mwanafunzi asiyemwona? Ukilijibu hilo vibaya, mbinu zote zilizobaki ni mapambo tu.

Kwa asiyekujua, Kiwayu ni kisiwa chembamba upande wa kaskazini wa visiwa vya Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Watu wake ni Wabajuni, na riziki kubwa ni bahari: samaki, kaa, kamba. Kwenda Lamu mjini ni safari ya boti, na njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, inataka maji yawe yamejaa. Yakipwa, unangoja. Huwezi kumpigia mtu simu umwambie aharakishe bahari.

Mtandao nao una tabia hiyo hiyo, unakuja na kuondoka. Nilikuwa na sehemu yangu juu ya kilima cha mchanga ambako simu ilishika vizuri, hasa usiku watu wakishalala. Bando la wiki lilikuwa hesabu ya nyumbani, liko kwenye foleni moja na unga na mafuta.

Sasa, chuo chetu kilikuwa na mhadhiri mmoja aliyefundisha kwa video ya moja kwa moja, Jumanne saa nne asubuhi. Kamera ilikuwa lazima, na mahudhurio yalikuwa na alama 10. Hakuwa mtu mbaya. Hoja yake ilikuwa na uzito: nitajuaje mko hapo? Nitajuaje siongei na ukuta? Mwalimu yeyote ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini tazama zile alama 10 zilipima nini hasa. Aliyekuwa Nairobi na waya wa intaneti sebuleni alizipata hata akiwa amesinzia. Aliyekuwa Kiwayu alizipoteza hata akiwa ameisoma sura nzima mara mbili. Kwa jina zilikuwa alama za bidii. Kwa kweli zilipima mahali unapoishi.

Wengi hapo hutoa dawa rahisi: basi rekodi kila kitu, weka mtandaoni, kila mtu asome kwa wakati wake. Kidogo inasaidia. Ila dawa hiyo ina sumu yake. Kuna kozi ambazo ni rundo la video na PDF, kisha mtihani. Wanaiita uhuru wa mwanafunzi. Mimi naiita kutelekezwa kwa adabu. Kwenye mazungumzo ya Phaedrus, Plato anamfanya Sokrates alalamike kwamba maandishi yanaonekana kama yana uhai, lakini ukiyauliza swali yanakaa kimya, au yanarudia neno lile lile. Zaidi ya miaka 2,000 imepita, na video iko vile vile. Unaweza kuirudisha nyuma mara kumi, na mara zote kumi haitajua umekwama wapi.

Pwani yetu tuna neno ambalo watu wa bara huwachanganya. Kwetu, chuo ni madrasa kabla hakijawa koleji. Mtoto akisema anakwenda chuoni, anakwenda kwa mwalimu wa Kurani. Na ukikaa pembeni ukatazama, utaona kitu: sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu yule ni kusikiliza. Kila mtoto kwa zamu yake anakuja mbele na kusoma yeye, kwa sauti yake, na mwalimu anamkatiza pale ulimi ulipoteleza. Halafu: rudia. Yote ya chuo hicho siyasifu. Kuna waliochapwa pasipo sababu, na kuna waliokariri bila kuelewa. Lakini hakuna mtoto aliyekwenda miezi mitatu bila mwalimu kujua kafika wapi. Hilo ndilo deni ninalolisema.

Michael Moore, mtaalamu ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi ya elimu ya watu wazima huku Afrika Mashariki, alikuja kujenga nadharia maarufu kuhusu elimu ya masafa. Kiini chake ni kwamba umbali unaoharibu masomo haupimwi kwa maili. Ni pengo la kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na hupungua pale mazungumzo yanapoongezeka. Kwa hiyo unaweza kukaa mstari wa mbele katika ukumbi wa watu 400 ukawa mbali kuliko mtu wa Kiwayu. Wewe unayesoma haya ukiwa Kilimani au Kinondoni, huenda umeshawahi kuwa mbali namna hiyo.

Mhadhiri wetu wa takwimu alilijua hilo. Somo lake lilikuja kwa sauti, dakika tano au sita, faili ndogo ambayo hata mtandao wa kilimani uliimudu. Mwisho wa kila sauti palikuwa na swali, na kabla ya kufungua sauti nyingine ulimtumia jibu kwa maneno yako, bila kutazama daftari. Wiki ya nne akatupa kazi: kila mtu apime kitu kimoja mahali anapoishi, siku 14 mfululizo, kisha atafute wastani.

Mimi nilipima maji. Nilichomeka mti wenye alama karibu na gati, nikaanza siku ya bamvua, maji yakijaa karibu saa kumi na moja alfajiri, nikayafuata yakisogea kila siku mpaka yakafika jioni. Wastani ulitoka: kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Mzee mmoja, nahodha, akanicheka. "Mwanangu, hayo nayo yataka chuo?"

Nikatuma. Siku mbili baadaye jibu likaja, sauti ya dakika moja. Mhadhiri hakusema kazi nzuri, wala hakusema mbaya. Aliuliza: mbona siku zako hazifanani? Huo wastani wako unaficha nini?

Nikarudi kwenye daftari. Kweli, siku za bamvua maji yalichelewa kidogo, dakika 40 hivi au chini yake. Siku za maji mafu yalichelewa zaidi ya saa. Dakika 50 ilikuwa namba sahihi ambayo ingemkwamisha nahodha kwenye mchanga. Nilipomwambia yule mzee, safari hii hakucheka. Alisema hilo analijua tangu ujana wake, ila hajawahi kuliona limeandikwa.

Watafiti wangetambua alichokuwa akifanya mhadhiri yule. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walishika zaidi, wiki moja baadaye, kuliko waliorudia kusoma tu. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake, baada ya kuchambua mamilioni ya vipindi vya kutazama video za kozi za edX, walikuta kwamba zile zisizozidi dakika sita ndizo zilizowashika watazamaji zaidi. Sawa kabisa. Lakini dakika sita bila swali la mwisho, na swali bila mtu wa kusoma jibu, ni rundo lile lile limekatwa vipande vidogo.

Swali la mhadhiri yule limenikaa kichwani kwa sababu linavihusu vyuo vyenyewe. Kozi nyingi hutengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi wa wastani: ana simu nzuri kiasi, mtandao mzuri kiasi, chumba tulivu kiasi. Mtu huyo hayupo. Kuna wa bamvua na kuna wa maji mafu, na ratiba ya dakika 50 inamwacha mmoja wao amekwama. Ukiipanga kozi ianzie kwa aliye mbali zaidi, kwa sauti nyepesi, muda wa kujibu unaovumilia, na kazi inayofanyika alipo, aliye karibu hapotezi chochote. Ukiipanga ianzie kwa aliye karibu, wa mbali anapoteza alama 10 kila muhula na anaambiwa ni mvivu. Hapo ndipo mbinu inapokuwa suala la haki.

Kuna atakayesema: mhadhiri ana wanafunzi 300 na mshahara uliochelewa, atamjibu nani? Ni kweli, na deni hili si lake peke yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliweka vituo mikoani ili mwanafunzi wa mbali awe na mlango wa kubisha. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023, na naamini kitapimwa kwa swali hilo hilo. Na wanafunzi nao ni walimu. Wafungwa wa kisiwa cha Robben walisoma kwa posta huku walinzi wakizuia vitabu, na waliojua wakawafundisha wasiojua kwenye machimbo ya chokaa. Kundi la watu sita la WhatsApp, lenye kazi ya kusomeana majibu, halihitaji bajeti ya wizara.

Wengine wanahofia wizi wa majibu, hasa sasa ambapo programu inaandika insha kwa sekunde. Hofu hiyo nayo nadhani dawa yake si kamera. Kamera inaona uso tu. Programu inaweza kueleza wastani ni nini, ila haikuamka alfajiri kusoma alama kwenye mti wangu. Niulize kitu ambacho lazima niwe mimi, mahali nilipo, ndipo nikijibu. Kwa kuuliza hivyo utanifundisha, na utajua niko hapo.

Basi ukitaka kulipa ada ya kozi ya mtandaoni, usianze kwa kuuliza jukwaa lao ni zuri kiasi gani. Uliza hivi: nikinyamaza, mtajua siku ya ngapi, na nani atanitafuta? Kama hawana jibu, wanachouza ni video.