Je, Kuonya Kwatosha?



Kila asubuhi, kabla ya kengele ya sala, barabara ya vumbi ipitayo mbele ya kanisa letu hujaa miguu ya vijana. Sisi tunaokaa katika nyanda hizi za juu tumezoea kuwaona, na hata ng'ombe wetu hawashtuki tena. Twawapungia mkono na kuendelea na shughuli zetu. Lakini hivi karibuni kijana mmoja wa parishi yetu alifika kwetu wazee wa kanisa akichechemea, na tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza swali ambalo twapenda kulileta kwenu.

Kijana huyu alikuwa akijitayarisha kwa marathon yake ya kwanza. Alikimbia mara mbili kwa siku, na kwa juma moja akafikisha kilometa 190. Asiyejua mambo haya atauliza: mbio zenyewe ni kilometa 42 na kidogo, hizi zote ni za nini? Jibu lipo. Mtu akikimbia muda mrefu kwa mwendo wa wastani, juma baada ya juma, moyo wake hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na mwili hujifunza kutumia mafuta yake pasipo kumaliza upesi akiba ya sukari. Arthur Lydiard, mkufunzi wa New Zealand, aliwakimbiza watu wake maili 100 kwa juma, hata yule wa mita 800, Peter Snell, aliyeshinda mbio hizo katika Olimpiki ya 1960 na ya 1964. Juma Ikangaa, askari wa Tanzania aliyeshinda New York mwaka 1989, naye alisifika kwa wingi wa mazoezi. Basi tusiseme ati vijana wetu wamerukwa na akili.

Shida ni kwamba mwili hauzoei kazi wote kwa pamoja. Moyo na mapafu huzoea upesi. Mfupa na kano huzoea polepole. Kijana hujiona ana pumzi ya kwenda mbali zaidi, kumbe mfupa wa muundi umekwisha kuanza kufanya ufa. Na msichana akikimbia sana huku anakula kidogo, huweza kukosa siku zake, na mifupa yake ikadhoofika angali kijana. (Mtuwie radhi kwa kulisema wazi, wasichana wetu huona haya kuuliza.)

Hebu tumkumbuke Kelvin Kiptum. Alizaliwa mwaka 1999 akakulia Elgeyo Marakwet. Alipokuwa mtoto akichunga ng'ombe alikuwa akiwafuata wakimbiaji peku, na mmoja wao alikuwa Gervais Hakizimana, mwanariadha kutoka Rwanda, ambaye baadaye alikuwa mkufunzi wake. Kiptum alikimbia marathon tatu tu maishani, akazishinda zote: Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, na Chicago Oktoba 2023, ambako alitumia saa 2 na sekunde 35 na kuweka rekodi mpya ya dunia. Kilometa zake za mazoezi zilikuwa 250 hadi 280 kwa juma, na mara nyingine zilipita 300. Hizo 300 ni sawa na kukimbia masafa ya marathon nzima kila siku, siku saba, Jumapili pamoja.

Mkufunzi aliiona hatari. Mwaka ule wa 2023 alisema hadharani kwamba kwa mwendo huo kijana angeweza kuvunjika, na kwamba baada ya miaka mitano angekuwa amekwisha. Alimshauri apunguze, naye hakutaka. Akaendelea kumfundisha. Tarehe 11 Februari 2024 wote wawili walifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat. Kiptum alikuwa na miaka 24.

Ajali ile haikulijibu swali letu. Utamsikia mtu akisema, ya nini kujitunza kama maisha ni mafupi namna hii? Mwingine atasema angalivunjika tu. Mwili ule ungalifika wapi hakuna ajuaye, wala si haki kumpima Hakizimana kwa yaliyotokea barabarani. Yatupasa kumpima kwa siku ile alipoonya na kukataliwa, kisha kesho yake akaamka, akashika saa yake mkononi, akaenda naye.

Katika baraza letu mzee mmoja alisema kwamba alipaswa kuondoka, maana anayeshika saa ana sehemu yake katika jambo lile. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akamjibu: "Baba, akiondoka, ni nani atakayemwona anapoanza kuchechemea?" Mkufunzi mwenyewe alieleza kwamba hawakuwa na juma maalum la kupumzika, walipumzika dalili za uchovu au maumivu zilipoonekana. Dalili hizo huonwa na aliye karibu. Sisi tuliungana na mama. Tena kijana ni mtu mzima, na Mtume Paulo aliwatolea Wakorintho mfano wa wakimbiaji wanaojinyima. Lakini katika waraka ule ule aliwaambia kwamba miili yao si mali yao wenyewe. Wahubiri wetu hupenda zaidi ule mfano wa mbio.

Basi tukamwita kijana wetu, tukamwonya kwa upole apunguze, aende akapimwe mguu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa adabu, "Wazee wangu, nikipunguza, yale mabati mtayanunua na nini?"

Hapo tulinyamaza. Katika harambee ya paa la kanisa tulimsimamisha mbele ya watu, tukampigia makofi, naye akaahidi mabati 40 atakapopata zawadi ya mbio. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mabati hayo ni kilometa ngapi. Nyumbani kwao kuna karo ya wadogo zake wawili, na hilo nalo tulilijua. Twamsifu mkimbiaji kwa hiari yake, na huku tumekwisha kuipangia hiari hiyo matumizi. Hakizimana, twadhani, alionya kwa moyo safi kuliko sisi.

Baraza limemfutia kijana ahadi ile na kuandika hivyo katika kitabu chake. Akina mama humpelekea maziwa kwa zamu. Alipigwa eksrei, ufa ukaonekana, na daktari akaagiza majuma sita bila kukimbia. Wala hakutushukuru. Alisema tumemwaibisha, kwamba ahadi ilikuwa yake na si yetu kuifuta, na katika hilo huenda ana haki. Twamwona akipita kwa baiskeli asubuhi, wenzake wakiwa mbele.

Upande wa mashariki wa kanisa bado unavuja. Jumapili za mvua tunasogeza mabenchi.